VALI YA MOYO IKICHAKAA, TUFANYE NINI?



Somo letu la safari hii si la mbuzi wa maziwa wala la kutengeneza mboji. Ni la moyo. Tunajua wengine mtasema, hayo ni mambo ya madaktari wa Nairobi, yatatufaa nini sisi wa kijijini? Subirini kidogo. Anayejua kusoma awasomee wenzake pole pole, na mkifika penye neno gumu simameni mzungumze kwanza.

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe. Katika kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea kuna mwenzetu aliyepasuliwa moyo mwaka 2012, akiwa na miaka 22. Alipokuwa mtoto aliugua homa ya baridi yabisi, ile inayoanza na maumivu ya koo, na homa hiyo ikamharibia vali moja ya moyo. Tulichanga, akapasuliwa, akawekewa vali mpya, akapona. Alirudi shambani, akaolewa, akazaa watoto wawili, akachaguliwa kuwa mweka hazina. Sisi tukajua kazi imekwisha. Hata harambee ile tuliifunga kwa chai na mandazi.

Mwaka 2024 akaanza kuhema akipanda kilima kutoka mtoni. Usiku anakohoa. Tukasema ni pumu, wengine wakasema ni moshi wa jikoni. Mmoja wetu akamtafutia dawa ya kuvuta ya pumu. Miezi mitano ikapita hivyo. Alipofika kwa daktari wa moyo miguu ilikuwa imefura hata viatu havimwingii. Daktari akamwuliza, "Mama, mara ya mwisho kupigwa picha ya moyo ilikuwa lini?" Ilikuwa mwaka 2015. Vali aliyowekewa ilikuwa imechakaa. Na kati yetu sote tuliochanga, hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua kwamba vali ya namna ile huchakaa. Ndiyo maana tunaandika somo hili.

VALI NI NINI?

Moyo ni pampu. Ndani yake mna vilango vinne vinavyoitwa vali. Kazi yake ni kuruhusu damu iende mbele na kuizuia isirudi nyuma. Vinafunguka na kufunga kama mara 100,000 kwa siku, usiku na mchana, hata ukilala. Kilango kikibana, damu haipiti vizuri. Kikishindwa kufunga, damu inavuja na kurudi ilikotoka. Yote mawili huuchosha moyo, na maji huanza kujaa mapafuni na miguuni.

Wale wenye kisima cha pampu ya mkono wataelewa haraka. Ndani ya pampu mna washa, na zamani zilikuwa za ngozi. Washa ikiisha, mnapiga pampu mpaka mikono inauma na maji yanakuja kidogo tu. Pampu yenyewe ni nzima, bomba ni zima, kilichoisha ni kile kipande kidogo cha ngozi.

Vali za kuwekwa ni za namna mbili. Ya kwanza watu huiita vali ya chuma, ingawa siku hizi sehemu kubwa yake ni kaboni ngumu. Hiyo haichakai kwa urahisi, lakini damu hupenda kuganda juu yake, kwa hiyo mwenye nayo lazima ameze dawa ya wafarini kila siku maisha yake yote. Ya pili ni vali ya mnyama. Hutengenezwa kwa vali ya nguruwe, au kwa ule utando unaouzunguka moyo wa ng'ombe. Huwekwa katika dawa ya kuihifadhi, karibu kama ngozi inavyotengenezwa kiwandani isioze. Daktari Mfaransa Alain Carpentier ndiye aliyefungua njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960. (Wako wenzetu wasiogusa nyama ya nguruwe na jambo hili huwasumbua. Mwulizeni daktari kabla, kwa sababu ile ya ng'ombe nayo ipo.)

Vali ya mnyama ina faida kubwa. Baada ya miezi ya kwanza wengi hawahitaji wafarini tena, isipokuwa wenye sababu nyingine kama mapigo ya moyo yasiyo sawa. Lakini inachakaa. Madini ya chokaa hujikusanya ndani yake pole pole, ikawa ngumu kama ngozi iliyosahauliwa juani, ikakakamaa au ikachanika. Kwa mzee inaweza kudumu miaka 15 na hata zaidi. Kwa kijana huchakaa upesi zaidi, mara nyingi miaka 10 au chini yake. Hapa mfano wetu wa pampu unafika mwisho, maana si kazi nyingi peke yake inayoichakaza. Mwili wa kijana wenyewe huishambulia na kuitia chokaa haraka.

Basi kwa nini wakamwekea msichana wa miaka 22 vali ya kuchakaa? Hata sisi tuliuliza, na wengine kwa hasira. Jibu ni watoto. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, na mimba yenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kwenye vali ya chuma. Msichana anayetaka kuzaa huwekewa ya mnyama ili azae kwa usalama zaidi, akijua atapasuliwa tena baadaye. Hayo aliambiwa, anakumbuka. Lakini aliambiwa akiwa kitandani na maumivu, peke yake, na alipotoka hakutaka kutuudhi sisi tulioimba na kucheza. Wenzetu, mgonjwa wa upasuaji akienda kupewa maelezo ya mwisho, kikundi kimpe mtu wa kwenda naye mwenye kalamu na daftari.

SI KILA VALI ILIYOSHINDWA IMECHAKAA

Daktari akisema vali haifanyi kazi, msikimbilie kuitisha harambee ya upasuaji siku hiyo hiyo. Kwanza ulizeni, imeharibika kwa nini? Maana matibabu hufuata sababu.

Pengine ni damu iliyoganda juu ya vali. Hiyo mara nyingi hutibiwa kwa wafarini kwa miezi kadhaa, na vali ikafunguka tena bila kisu. Pengine ni maambukizi, yaani vijidudu vimeingia katika damu na kukaa kwenye vali. Dalili yake ni homa isiyoisha, jasho la usiku na kukonda, na watu wengi huidhania malaria. Tunasema hili kwa nguvu: mwenye vali ya kuwekwa akiwa na homa ya siku kadhaa asimeze dawa za duka. Aende hospitali, atolewe damu ya kupimwa kabla ya kumeza antibiotiki yoyote, maana ukianza dawa mapema vijidudu hujificha na kipimo hakivioni. Matibabu yake ni antibiotiki za kupitia mshipani, kwa kawaida wiki 6, na wengine lazima wapasuliwe haraka hata kabla dawa hazijaisha. Na pengine vali ni nzima ila damu inapenya pembeni, mahali iliposhonwa. Tundu kama hilo baadhi ya hospitali zinaweza kuliziba kwa kizibo kinachopitishwa ndani ya mshipa, au lishonwe upya.

Ikiwa ni kuchakaa kwenyewe, hakuna kidonge cha kuirudishia vali ujana wake. Hapo kuna njia tatu.

NJIA YA DAWA PEKE YAKE

Furosemaidi, ile wengi huita Lasix, hukojoza maji yaliyojaa mwilini. Mgonjwa hulala vizuri, miguu hupungua, na jamaa husema amepona. Hajapona. Ni kama kuteka maji yanayoingia mtumbwini bila kuziba tundu. Dawa hizi ni za lazima na zinampa mtu nafasi ya kufika kwenye matibabu yenyewe akiwa na nguvu. Kwa mzee sana au mgonjwa asiyeweza kustahimili jambo lingine, zinaweza kuwa ndiyo njia iliyobaki, na hapo kazi yetu ni kumwondolea kuhema na maumivu na kukaa naye. Lakini kijana akipewa Lasix mwaka mzima bila kupelekwa kwa daktari wa moyo, anapotezewa wakati.

NJIA YA KUPASULIWA TENA

Hii ndiyo njia iliyozoeleka. Kifua hufunguliwa tena pale pale penye kovu, mashine hufanya kazi ya moyo na mapafu kwa muda, vali ya zamani hutolewa na mpya hushonwa mahali pake. Mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu ndani mmeota makovu na moyo umeshikamana na mfupa wa kifua. Daktari hulazimika kuubandua pole pole. Lakini msiogope neno hilo kupita kiasi. Wengi wanaopasuliwa mapema, moyo ukiwa bado una nguvu, hutoka salama. Wanaokufa zaidi ni wale wanaoletwa usiku wakiwa wamekwisha kuzidiwa. Ile miezi mitano yetu ya dawa ya pumu inatuuma kwa sababu hiyo.

Hapa swali la vali gani linarudi upya. Mwenzetu alikuwa na miaka 34 na watoto wawili. Akakaa na mumewe, wakaamua hawazai tena na wakachagua njia ya kupanga uzazi ya kudumu. Basi madaktari wakamshauri achukue ya chuma, asije akafunguliwa kifua mara ya tatu akiwa na miaka 45. Alipasuliwa mwaka 2025. Sasa akikaa kimya kanisani unaisikia ikigonga tik, tik, na watoto wake wanaipenda.

Lakini vali ya chuma ni ndoa na kliniki. Damu lazima ipimwe kipimo kiitwacho INR, kila wiki mwanzoni, halafu kila mwezi hivi ikitulia. Kwa vali iliyo mahali pa yake namba inayotakiwa huwa kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka damu inaganda, na anaweza kupooza upande mmoja. Ikipanda sana anatoka damu. Kuhusu chakula tumesikia mengi yasiyo kweli. Watu walimwambia ati asile sukuma wiki kabisa. Sivyo. Mboga za majani hupunguza nguvu ya wafarini, kwa hiyo ale kiasi kile kile wiki hata wiki, asikae mwezi mzima bila mboga halafu msimu wa mvua akala sufuria nzima kila siku. Asimeze diklofenaki, aspirini wala brufeni za dukani bila kumwuliza daktari. Dawa za miti shamba pia ziulizwe kwanza. Na mwanamke mwenye vali ya chuma akikosa hedhi aende hospitali siku hizo hizo, bila kuacha dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kama mtu anaishi mahali ambapo INR haipimwi karibu na nauli ya matatu ni shida, amwambie daktari kabla ya upasuaji. Si aibu. Kwa mtu kama huyo vali ya mnyama, pamoja na kuchakaa kwake, inaweza kuwa salama zaidi kuliko ya chuma isiyopimiwa damu.

NJIA YA VALI NDANI YA VALI

Hii ni njia mpya na ndiyo watu wengi wanaiulizia wakisikia habari za jamaa walio ng'ambo. Mwaka 2002 huko Rouen, Ufaransa, daktari Alain Cribier alimwekea mgonjwa vali kwa mara ya kwanza bila kumfungua kifua. Vali hukunjwa ikawa nyembamba, hupitishwa katika mrija kwenye mshipa wa pajani hadi moyoni, halafu hufunguliwa kama mwavuli. Baadaye madaktari wakaona wanaweza kuifungua ndani ya vali ya mnyama iliyochakaa, ile ya zamani ikabaki pale pale kama fremu ya mlango. Marekani iliiruhusu njia hii kwa vali ya mshipa mkuu mwaka 2015, na kwa ile ya katikati ya vyumba vya kushoto mwaka 2017. Mgonjwa huweza kurudi nyumbani baada ya siku chache tu.

Ni nzuri, hasa kwa wazee na wale ambao kufungua kifua tena ni hatari mno. Ila ina masharti. Kwanza, haifai kama kuna maambukizi. Pili, haiwekwi ndani ya vali ya chuma. Tatu, ukitia fremu ndani ya fremu mlango unazidi kuwa mdogo, kwa hiyo kama vali ya kwanza ilikuwa ndogo, tuseme milimita 19 au 21, nafasi inaweza kuwa haba. Nne, madaktari lazima wapige picha za mashine ya kupima kwa makini, wasije wakaziba njia ya damu inayolisha moyo wenyewe. Tano, hiyo mpya nayo ni ya mnyama, nayo itachakaa. Kwa mwenzetu, akiwa kijana, hilo la tano ndilo lililowafanya madaktari wapendelee kisu.

Halafu kuna bei. Huko Marekani vali moja ya kupitisha mshipani imekuwa ikiuzwa kama dola 30,000, karibu shilingi milioni 4, kabla hujahesabu kitanda na madaktari. Hatusemi haiwezekani kwetu. Tunasema mwulizeni daktari wa moyo waziwazi: je, inamfaa huyu mgonjwa? Inafanyika wapi? Kama haimfai, msiuze shamba kwa kufuata jina la kitu kipya.

MAMBO YA KIKUNDI

Upasuaji wa moyo hufanyika hapa nchini, kama vile Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Mater na Aga Khan huko Nairobi, Tenwek kule Bomet na Moi mjini Eldoret. NHIF haiko tena, SHA ilichukua nafasi yake Oktoba 2024. Kabla ya tarehe ya kulazwa ulizeni ofisi ya hospitali SHA italipa kiasi gani na mtabaki na kiasi gani, na mpewe kwa maandishi. Mgonjwa ambaye michango yake ya SHA imesimama aisawazishe mapema, si siku ya kulazwa.

Harambee ya ghafla tunaifahamu, na uchovu wake pia. Tulipopiga hesabu baadaye tuliona aibu. Wanachama 25 wakitoa shilingi 20 kila wiki ni shilingi 26,000 kwa mwaka. Kwa miaka 12 tuliyokaa bila habari, hizo zingekuwa 312,000 bila riba. Zisingelipa kila kitu, lakini zingelipa picha ya moyo ya kila mwaka na nauli, na mwenzetu asingefika akiwa amefura. Kikundi hicho sasa kina kisanduku cha pili kando ya meri-go-raundi, na ufunguo wake hauko kwa mweka hazina, kwa ombi lake mwenyewe.

Jambo la kadi pia tulijifunza kwa shida. Kila anayewekewa vali hupewa kadi yenye aina ya vali, ukubwa wake na tarehe. Bila kadi daktari hawezi kujua upesi kama vali mpya itaingia ndani ya ile ya zamani. Kadi ya mwenzetu ilitafutwa siku mbili, ikapatikana chini ya sanduku, nusu yake imeliwa na unyevu. Namba ya ukubwa ilisomeka kwa bahati. Pigeni kadi fotokopi, moja ikae kwa katibu wa kikundi, kama mwenyewe amekubali.

Na kabla ya kung'oa jino, mwenye vali ya kuwekwa, iwe ya chuma au ya mnyama, amwonyeshe mganga wa meno kadi hiyo apewe antibiotiki kwanza. Ile sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne ya kuzuia homa ya baridi yabisi isirudi, nayo asiiache ati kwa sababu amekwisha pasuliwa. Daktari ndiye atakayesema iishe lini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

Akina mama wakae kwanza peke yao na swali la kwanza, halafu mchanganyike.

Msichana wa miaka 20 anahitaji vali. Anataka kuzaa, na kliniki ya kupima INR iko mwendo wa saa tatu. Mngemshauri amwulize daktari mambo gani? Mumewe na wakwe wana sauti gani katika uamuzi huo?

Mwenzenu aliyepasuliwa zamani anaanza kuhema, analala kwa mito mitatu, au anaamka usiku akitafuta hewa. Nani atampeleka, na kwa pesa gani, kesho asubuhi?

Katika kikundi chenu, ni nani mwenye kovu katikati ya kifua? Kadi yake iko wapi, na tarehe ya picha yake ya moyo ni lini?